Si kila ajali ya Aktiki ilikosa kinga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili nichangie makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu marubani wa zamani wa ndege ndogo waliopotea katika nchi ya barafu, upande wa Alaska na ng'ambo yake Siberia. Makala ile ilisomeka vizuri na picha zake zilikuwa adimu. Hata hivyo, mwandishi wenu aliihitimisha kwa kusema kwamba huko kaskazini binadamu hana ujanja mbele ya baridi na ukungu, na kwamba, kama wasemavyo watu, ajali haina kinga. Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Anayefuatilia kumbukumbu za ajali hizo moja baada ya nyingine atakuta ukungu kweli ulikuwapo, lakini ukungu huko ni wa kila mwaka na hapakuwa na rubani asiyeujua. Mara nyingi mambo yaliyoamua nani atarudi na nani hatarudi yalikwisha kupangwa ndege ikiwa bado iko chini, yaani namna ilivyoundwa na kupakiwa, nani alikuwa akiharakishwa na nani, na ni kifaa gani kiliachwa nyuma.

Nianze na ajali ambayo makala iliipa nafasi kubwa kuliko zote, ile ya tarehe 15 Agosti 1935 iliyowaua Wiley Post na Will Rogers karibu na Point Barrow, kaskazini kabisa mwa Alaska. Post hakuwa mwanagenzi wa kazi ile. Alikuwa na jicho moja tu, kwa kuwa la pili alilipoteza kazini kwenye visima vya mafuta, na bado mwaka 1933 akawa mtu wa kwanza kuizunguka dunia akirusha ndege peke yake, kwa muda usiotimia siku 8. Rogers, mwenye asili ya Wacherokee, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, alikuwa mchekeshaji, mwigizaji wa filamu na mwandishi wa safu ya gazeti iliyosomwa Marekani nzima. Vifo vya watu mashuhuri kiasi hicho vilihitaji maelezo makubwa, na ukungu wa Aktiki ukawa maelezo yaliyokuwa karibu.

Lakini tuitazame ndege yenyewe. Post aliunganisha kiwiliwili cha Lockheed Orion na bawa la aina nyingine, Lockheed Explorer, akaweka injini ya nguvu za farasi 550, kisha akavua magurudumu na kufunga maboya ili aweze kutua majini. Kampuni ya Lockheed ilikuwa imekataa kuufanya muungano huo. Maboya aliyoagiza hayakufika kwa wakati, naye badala ya kuyasubiri akafunga mengine yaliyotengenezwa kwa ajili ya ndege kubwa zaidi. Matokeo yake ndege ikawa nzito upande wa pua. Ndege ya namna hiyo huruka bila shida maadamu injini inavuta, kwa sababu upepo unaosukumwa na propela hupita juu ya mkia kwa nguvu na kuusaidia kuinua pua. Injini ikizimika, mkia hupoteza nguvu hiyo papo hapo na pua hushuka, na kama ndege iko juu kidogo tu ya ardhi, rubani hana kimo cha kuirejesha hata awe hodari namna gani.

Siku ile waliondoka eneo la Fairbanks wakielekea Barrow, wakakuta pwani imefunikwa. Wakafanya jambo la busara, wakatua Walakpa, katika maji ya ufukweni yaliyotengwa na bahari kwa ukanda wa mchanga, mahali ambapo familia za Wainupiat, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Alaska, zilikuwa zimepiga kambi ya uwindaji. Wakauliza njia na wakaelekezwa kwamba Barrow iko umbali wa takriban kilomita 24 tu. Wakapaa tena, ndege ikageuka ikiwa bado chini, injini ikakata, na ndege ikaanguka kwa pua katika maji mafupi na kupinduka. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walieleza kwamba injini ilizimika wakati wa kupaa, na kwamba uzito wa pua ulimfanya rubani ashindwe kuidhibiti. Ukungu, basi, uliwapotezea njia, lakini waliutoka wakiwa salama kwa uamuzi wao wenyewe wa kutua. Kilichowaangusha walikuja nacho kutoka kusini.

Makala yenu ilisema pia kwamba habari za msiba huo zilipelekwa mjini na "mwenyeji mmoja". Mwenyeji huyo ana jina, na jina lake limo katika kila kumbukumbu ya tukio lile: Clair Okpeaha, Mwinupiat aliyeiona ndege ikianguka na kisha akakimbia kwa miguu hadi Barrow, katika nchi ya madimbwi na ardhi laini ambayo kiangazi humeza mguu hadi kwenye kifundo. Sajenti Stanley Morgan wa kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani, aliyekuwa na kituo cha redio hapo, aliipokea habari kutoka kwake, akaenda na wenyeji kwa mashua kuichukua miili, na ndipo akautangazia ulimwengu. Kiwanja cha ndege cha mji huo, ambao leo unaitwa Utqiaġvik, kina majina ya Post na Rogers. Sioni kwa nini gazeti lenu lishindwe kupata nafasi ya jina la tatu.

Ajali ya pili mliyoigusa ni ya Carl Ben Eielson na fundi wake Earl Borland, ya tarehe 9 Novemba 1929. Eielson alikuwa amezoea baridi kupita wengi wa rika lake. Mwaka 1924 alirusha safari ya kwanza ya barua kwa mkataba wa serikali huko Alaska, kutoka Fairbanks hadi McGrath, na mwezi Aprili 1928, akiwa na mpelelezi wa nchi za barafu Hubert Wilkins, alivuka Bahari ya Aktiki kutoka Point Barrow hadi Spitsbergen, kisiwa cha Norwe, katika safari iliyochukua takriban saa 20. Mwaka mmoja kabla ya safari hiyo, wawili hao walilazimika kutua juu ya barafu ya bahari na kurudi pwani kwa miguu, na Eielson akapoteza kidole kwa sababu ya baridi. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kuambiwa Novemba ya kaskazini ikoje.

Kwa nini basi aliruka? Meli ya biashara iliyoitwa Nanuk ilikuwa imenaswa na barafu karibu na North Cape, pwani ya Siberia, ikiwa na abiria na shehena kubwa ya ngozi za manyoya. Kampuni ya ndege aliyoisimamia Eielson ilikubali kuwatoa abiria na mali hiyo kwa malipo ya dola 50,000, fedha nyingi sana kwa zama zile. Safari ya kwanza ilifanikiwa. Ya pili ilianzia Teller, kijiji cha pwani ya magharibi ya Alaska, na haikufika. Ngozi zilizokauka hazitaki chakula na wala haziharibiki kwa baridi. Zingeweza kukaa melini hadi barafu ivunjike kiangazi. Ni mwenye mali na soko lake ndio waliokuwa hawasubiri. Sisemi hivyo kwa kumlaumu marehemu, maana biashara ya usafiri wa ndege Alaska wakati ule ilikuwa changa na mkataba kama huo ungeweza kuiokoa au kuiua kampuni. Nasema tu kwamba sababu hiyo nayo ihesabiwe pamoja na hali ya hewa.

Karibu miezi miwili na nusu baadaye, mwishoni mwa Januari 1930, marubani Joe Crosson na Harold Gillam waliona bawa limechomoza katika theluji. Injini ilikuwa imefunguliwa kwa nguvu zake zote wakati ndege ilipogonga ardhi, jambo linaloonyesha kwamba Eielson hakujua kwamba alikuwa chini kiasi kile, na kipimo chake cha kimo kilishukiwa kwamba kilimdanganya. Mabaharia na marubani wa Kisovieti walisaidia kuchimba theluji iliyogandamana hadi miili ikapatikana mwezi Februari. Kwa msomaji ambaye hajawahi kusikia habari za mwanga wa huko, inafaa nieleze: chini ni theluji nyeupe, juu ni wingu jeupe, hakuna kivuli, hakuna mti, na mstari unaotenganisha mbingu na nchi unatoweka. Rubani anayetegemea macho hawezi kutofautisha mita 300 na mita 3. Ndege za siku zile zilipima kimo kwa mgandamizo wa hewa tu, na mgandamizo ukibadilika njiani bila rubani kupata habari mpya kwa redio, mshale humwonyesha kimo kisicho chake.

Isidhaniwe kwamba watu wale walikuwa wazembe. Jioni walimwaga oili yote ya injini kwenye debe na kuiingiza ndani ya nyumba ilale karibu na jiko, kwa sababu ikiachwa ndani ya injini hugeuka kuwa kama lami. Asubuhi walifunika pua ya ndege kwa hema la turubai, wakawasha jiko chini yake na kukaa nalo muda mrefu, mkono ukiwa tayari kuuzima moto, kwani ndege kadhaa ziliungua namna hiyo hiyo. Kisha wakairudisha oili ikiwa ya moto. Mtu anayefanya hayo kila siku anajua kwamba baridi ina kinga. Tatizo ni kwamba umakini uliotumika kwa injini haukutumika kila mara katika kuamua kama safari yenyewe ifanyike. Gillam aliyemtafuta Eielson alisifika kwa kuruka siku ambazo wenzake walibaki chini, na mwaka 1943 naye akafa baada ya ndege yake kuanguka milimani karibu na Ketchikan.

Mwaka 1972 peke yake unatosha kuonyesha ninachosema. Tarehe 16 Oktoba, Cessna 310 iliyokuwa ikitoka Anchorage kwenda Juneau ilitoweka ikiwa na watu wanne, miongoni mwao Hale Boggs, kiongozi wa wabunge wa chama chenye wingi katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, na Nick Begich, mbunge wa Alaska. Njia hiyo iko kusini mwa Aktiki yenyewe, lakini funzo lake lilikwenda kaskazini nzima. Walitafutwa siku 39 na hadi leo hakuna kilichopatikana. Sheria ya jimbo la Alaska, iliyokuwa na wiki chache tu tangu ianze kutumika, iliitaka ndege ibebe redio ya dharura inayorusha ishara baada ya ajali. Wachunguzi waliikuta redio ya mkononi ya rubani wa Cessna hiyo ndani ya ndege nyingine, huko Fairbanks.

Wiki tatu baadaye, tarehe 8 Novemba, ndege ndogo iliondoka Cambridge Bay, katika Aktiki ya Kanada, ikimkimbiza hospitalini Yellowknife mama mjamzito wa Kiinuit na kijana David Kootook, mwenye umri wa miaka 14, aliyekuwa na maumivu ya kidole tumbo. Muuguzi alifuatana nao. Ndege ilipotea njia usiku, ikaanguka karibu na ziwa Hottah. Muuguzi na yule mama walifariki. Rubani Marten Hartwell alivunjika miguu, na yule kijana mgonjwa ndiye aliyekuwa akitafuta kuni na kutunza moto kwa wiki kadhaa hadi naye akafariki. Hartwell aliokolewa baada ya siku 31. Magazeti ya dunia yalishikilia jambo moja tu, kwamba aliishi kwa kula nyama ya maiti, na ndilo mwandishi wenu pia alilolitaja. Halikutajwa kwamba rubani huyo hakuwa na sifa za kuruka bila kuona nje, kwa kutegemea vipimo vya ndani ya ndege peke yake, na safari ile, gizani na chini ya mawingu, ilizihitaji. Wala halikutajwa kwamba mwaka 1994 serikali ya Kanada ilimtunukia Kootook nishani baada ya kufa kwake. Ninaona aibu kidogo kwa niaba ya taaluma yenu kwamba miaka yote hii kijana yule bado anatajwa kwa mbali.

Kuhusu redio hizo za dharura, mabadiliko yaliyofuata ni makubwa kuliko makala ilivyodokeza. Kanada, Ufaransa, Marekani na Umoja wa Kisovieti, katikati ya uhasama wa vita baridi, waliunda mfumo wa satelaiti wa Cospas-Sarsat unaosikiliza ishara hizo kutoka angani, na mwezi Septemba 1982 watu watatu walionusurika katika ajali ya ndege ndogo huko British Columbia wakawa wa kwanza kuokolewa kwa msaada wake. Tangu Februari 2009 satelaiti zinapokea masafa ya megahezi 406 tu, ambayo hubeba na utambulisho wa ndege yenyewe. Ila redio nayo ni chombo, na chombo hufungwa na mtu. Agosti 2010, ndege iliyombeba aliyekuwa seneta Ted Stevens ilipogonga mlima karibu na Dillingham, redio yake ilichomoka kwenye kishikizo chake na kukatika kutoka kwenye antena, na ishara haikumfikia mtu. Watu watano walikufa. Wanne walionusurika walilala mlimani usiku kucha wakisubiri msaada.

Ushahidi ambao kwangu una uzito kuliko wote, na ambao makala haikuugusa, unatoka katika bonde la mito Yukon na Kuskokwim, magharibi mwa Alaska, ambako vijiji havina barabara na mtu huenda kliniki, dukani na mazikoni kwa ndege. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, mamlaka ya anga ya Marekani iliendesha huko mradi ulioitwa Capstone. Ndege ndogo zilifungiwa skrini inayomwonyesha rubani mahali alipo, milima iliyo mbele yake na ndege nyingine zilizo karibu, na viwanja vya vijijini vikapewa vituo vya hali ya hewa na njia za kutua kwa kufuata satelaiti. Kiwango cha ajali za ndege zilizofungwa vifaa hivyo kilishuka kwa zaidi ya theluthi moja. Ukungu wa Bethel, mji mkuu wa bonde hilo, haukupungua hata kidogo miaka hiyo. Ikiwa hali ya hewa imebaki ile ile na ajali zimepungua kiasi hicho, basi kusema kwamba hali ya hewa ndiyo iliyoua ni kuacha nusu ya habari.

Mtaniuliza yanatuhusu nini sisi huku. Ndege ya Cessna Caravan inayobeba watalii kwenda Serengeti na wagonjwa kutoka vijiji vya mbali ndiyo hiyo hiyo inayowabeba wakazi wa pwani ya Bering. Tarehe 6 Februari 2025, Caravan ya shirika la Bering Air iliyotoka Unalakleet kwenda Nome ilianguka juu ya barafu ya bahari na kuua watu wote 10, wakiwamo mafundi wawili waliokuwa wamekwenda kuhudumia mtambo wa maji wa kijiji. Ripoti ya awali ya wachunguzi ilieleza kwamba ndege ilikuwa imezidi kwa takriban paundi 1,000, sawa na kilo 450, uzito unaoruhusiwa kwa aina hiyo inapopita katika hewa inayogandisha barafu mwilini mwa ndege. Ripoti ya awali si hukumu, nami sitangulii kusema kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa sababu. Lakini kikomo hicho cha uzito hakikuwekwa ovyo. Barafu ikishika bawa, huliongezea uzito na pia huliharibu umbo linalolifanya libebe, kwa hiyo kila kilo iliyozidi inadai mwendo ambao ndege huenda haina.

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya kupokea abiria na kupima mizigo katika kiwanja kidogo, na kazi hiyo ndiyo iliyonifanya nizisome ajali hizi za mbali. Abiria husimama juu ya mzani akiwa na mkoba wake mkononi, nasi huandika kilo zake kwenye karatasi ya rubani. Wapo wanaoona kupimwa ni kudhalilishwa, na wapo wanaouacha mkoba kwa mwenzao kabla ya kupanda mzani kisha wanauchukua tena mlangoni mwa ndege. Ukimwambia mama kwamba gunia lake la karanga litakuja na ndege ya kesho, anakutazama kama uliyemwibia. Pale Teller mwaka 1929 zilikuwa ngozi za manyoya. Hoja inayotolewa mbele ya mzani ni ile ile, kwamba mzigo hauwezi kungoja.

Naomba basi, Mhariri, kwamba mtakapochapisha sehemu ya pili ya makala hiyo kama mlivyoahidi, mwandishi wenu aeleze kwa kila ajali ndege ilikuwa na uzito gani na imefungwa vifaa gani ilipoondoka, na nani aliyetaka iondoke siku hiyo. Kwa ajali nyingi alizozitaja, majibu yamo katika ripoti za uchunguzi zilizokwisha kutolewa hadharani. Na maelezo ya picha ya Walakpa iliyokuwa ukurasa wa pili yasahihishwe ili jina la Clair Okpeaha lionekane, pamoja na la David Kootook mahali panapozungumziwa ajali ya ziwa Hottah.

Wako mtiifu,
Msomaji wenu wa siku nyingi,
Arusha